Re: Mbwa anatafuna viatu nikitoka, nimnunulie toi gani?
Mkuu kama umesema ana mwaka mmoja na anashinda peke yake hapo si ukorofi, kaboeka tu. Mi ningeanza na zile toi za mpira zenye tundu katikati kama Kong, unajaza chakula chake cha kawaida ulicholoweka na siagi ya karanga kidogo halafu unatupia kwenye friza, ikiganda atahangaika nayo muda mrefu kuliko ikiwa laini. Ila soma lebo ya hiyo siagi, ikiwa na xylitol (kiongeza utamu kinachotumika badala ya sukari) usithubutu, ni sumu kwa mbwa. Saizi chukua isiyoweza kuingia yote mdomoni, na ugumu pima kwa ukucha, ukibonyeza isipoacha hata alama inaweza kumvunja meno. Mifupa iliyopikwa sahau kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha. Hela ikibana kunja taulo kuukuu, mwagia punje za chakula katikati ya mikunjo umwache anuse na kufunua, yani hiyo inamchosha akili haswa (mwanzoni kaa naye asije akaitafuna taulo yenyewe). Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya anachokula kwa siku. Na usimwachie toi zote sakafuni, ficha nyingine uwe unabadilisha.