Pesa ya Julai haichagui mtu

Msomaji mmoja aliyeko Doha ameniandikia: "Dada, mimi na wenzangu tumechanga, tunataka kumsaidia kijana wetu kwenye kiti cha wadi 2027. Tukimtumia Julai itawahi?"

Julai! Kaka, uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10. Pesa ya Julai ni ya lori la muziki na fulana.

Mwaka 2022 nilikuwa mweka hazina wa mgombea wa uwakilishi wadi huku Pwani, na tulishinda. Nalisema kwa kifua mbele, maana wapo wanaousimulia ushindi ule leo kama vile mimi nilikuwa nachemsha chai jikoni. Waliotoa pesa za kwanza ni wachache: mwenye duka la simiti na mabati, mama wa mitumba, na mzee mmoja mwenye matatu. Walitoa 2021, mgombea hajulikani hata mtaa wa pili.

Zilikwenda wapi? Oktoba ile IEBC, tume ya uchaguzi, ilifungua usajili wa halaiki ikitafuta wapiga kura wapya milioni 6, na waliojitokeza hawakufika hata nusu. Wenzetu walicheka. Sisi tulilipa nauli na chakula cha vijana wetu, wakapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenye vitambulisho wakajiandikishe. Kila jina jipya tulilijua, na nyumba tuliijua. Wakati huohuo tukawaingiza watu chamani, kwa sababu pale kwetu mchujo wa chama wa Aprili ndio uchaguzi wenyewe. Agosti ni kukamilisha tu. Mpinzani wetu mkuu alianza kutafuta wanachama Machi. Alikuwa na pesa kutuzidi mara nyingi, na bado tukamwacha.

Kisha mawakala, wale wanaomlindia mgombea kura kituoni. Kituo kimoja kina wapiga kura wasiozidi 700, na kila kituo kina Fomu 36A yake, yaani karatasi ya matokeo ya uwakilishi wadi. Wakala asiyefunzwa, aliyeokotwa usiku wa kuamkia kura, hulala saa nne usiku hesabu ikiendelea. Wetu walifunzwa mapema, wakalipwa kwa wakati, na nakala za fomu zikanifikia kabla hakujapambazuka.

Wamarekani walilijua hili zamani. Mwaka 1985 Ellen Malcolm na wenzake walianzisha kundi la EMILY's List ili wagombea wanawake wa chama cha Democratic wapate pesa mwanzoni kabisa, kabla wafadhili wakubwa hawajaamua nani ana uzito. Mwaka uliofuata Barbara Mikulski wa Maryland, mmoja wao, akachaguliwa kwenda Seneti. Pesa ya mwanzo, hata ndogo, huwaita wengine. Kwetu pia mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinikwepa alinipigia mwenyewe alipoona tumeshika tiketi ya chama.

Na hao waliokuja na tiketi mkononi ndio waliokaa viti vya mbele siku ya kuapishwa. Mimi na mama wa mitumba tulisimama juani. Baadaye simu zangu zikawa zinaita tu. Sisemi mengi, mheshimiwa anajijua.

Kwa hiyo toeni mapema, toeni kwa kazi inayoonekana daftarini, na msimpe mgombea mkononi. Lipeni kazi yenyewe. Bunge lilikataa viwango vya matumizi ya kampeni ambavyo IEBC ilitangaza 2021, basi msingoje sheria iwalindie fedha zenu. Wekeni mtu wenu adai risiti. Asitokee mtu akawaambia pesa ni ya kugawia wapiga kura. Hiyo ni hongo, ni kosa la jinai, na anayekula shilingi mia mbili zako asubuhi atakula za mwenzako jioni. Tuache kununua watu wetu kama samaki wa mnadani, jamani!

Jambo jingine: ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu, mgombea akishiriki harambee ya hadhara anaweza kuenguliwa. Kama mlipanga aonekane kwenye mchango wa madrasa au kanisa, Desemba 2026 mlango unafungwa.

Kaka wa Doha, muulize kijana wenu wiki hii: ana orodha ya vituo vyote vya wadi yake, na kila kituo ana nani? Akianza kukueleza rangi ya fulana, rudisheni michango kwa wenyewe.