Usisubiri sebene

SWALI: Shikamoo mzee. Mjomba amenipa mashine yake ya santuri, nami nimenunua "Niafunké" ya Ali Farka Touré wa Mali. Gitaa linarudia palepale. Nasubiri wimbo uchanganye, mara umeisha. Sindano nayo inaruka, fundi kaniwekea sarafu juu yake. Niendelee, au nitafute santuri za zamani za Tinariwen, ambao nasikia wana moto zaidi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Itoe hiyo sarafu leo hii. Uzito ukizidi, sindano inakula mifereji ya santuri, na sauti iliyoliwa hairudi. Safisha sindano kwa brashi laini, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, kisha rekebisha uzito ulio nyuma ya mkono wa mashine unaoshika sindano. Sindano nyingi hutaka gramu 2 hivi, ila fuata kipimo cha yako.

Sasa muziki. Sisi tuliolelewa na dansi tunasubiri sebene, na hapa haiji. Ali alianza na jurkel, gitaa la uzi mmoja, na njarka, fidla ya uzi mmoja pia. Hata aliposhika nyuzi sita aliendelea vilevile: uzi mmoja unaunguruma bila kuhama, mwingine unacheza juu yake. Kwa hiyo liache gitaa kwanza, ufuate kibuyu. Kimefudikizwa chini, kinapigwa kwa viganja na vidole, na kwenye santuri ule mlio mzito wa kiganja unaupata kifuani. Ukishaukamata, utasikia gitaa halirudii kamwe kitu kilekile. Kila mzunguko kuna noti imecheleweshwa au imekatwa.

Albamu hiyo ya 1999 ilirekodiwa kwao Niafunké, karibu na Mto Niger, kwa umeme wa jenereta, huku yeye akiendelea na kilimo chake. Naipenda kuliko "Talking Timbuktu" ya 1994 iliyompa Grammy. Hapa yuko nyumbani, hana haraka na mtu.

Tinariwen nenda kwao bila wasiwasi, ila usiuziwe "santuri ya zamani" kwa bei ya kuua. Hawa ni Watuareg, watu wa jangwa la Sahara. Nyimbo zao za miaka ya 1980 na 1990 zilisambaa kwa kaseti, mtu akimnakilia mwenzake. Albamu iliyowatoa nje, "The Radio Tisdas Sessions", ilitoka 2001. Nunua toleo jipya tu, lisilo na mikwaruzo.

Ila kabla yao, tafuta "Savane" ya Ali, iliyotoka 2006 miezi michache baada ya kifo chake. Humo ngoni, ala za nyuzi za Afrika Magharibi, zinajibizana na gitaa lake.