Bwana wa zamani anakuja kukupiga? Divorsi haimupe ruhusa

Dada yangu, nimesoma vile unasema mulishaachana tangu mwaka jana na bado anakuja usiku pale Katuba, Lubumbashi, kugonga mulango, anakupiga mbele ya batoto, na familia yake banakuambia eti hiyo ni mambo ya nyumba. Hapana! Hiyo ni kosa mbele ya sheria. Konstitisyo yetu ya Kongo (RDC), artikle 14, inasema serikali lazima ipigane na violansi juu ya mwanamuke, hata ndani ya nyumba, na kode penale (kitabu cha sheria ya makosa) artikle 46 inafunga mutu aliyepiga mwenzake, siku 8 mupaka miezi 6, hata kama alikuwa bwana yako.

Sasa fanya hivi: ukipigwa, enda kwa munganga siku ile ile, usingoje vidonda vikauke, omba sertifika medikale (karatasi ya munganga yenye kuonyesha vidonda), piga foto, chunga mesaje zote za vitisho (usifute hata moja, hata zenye zinakutia haya). Njo uende kwa OPJ (polisi mwenye kuchunguza makosa) ama moja kwa moja parke (ofisi ya mushitaki wa serikali), uweke plenti (mashitaki), uombe kopi. Enda na jirani mwenye alisikia kelele. Kama alikulazimisha kitandani, kimbia opitali mbele ya masaa 72, kuko dawa za kuzuia VIH (virusi vya sida), na sheria ya 2006 juu ya violansi ya ngono inamufikia.

Na usikubali ile «arranjema» (kumaliza mambo kifamilia) ya falanga mbili tatu. Leo usiku ulale kwa dada yako, pamoja na batoto.