Mnauliza, tunajibu: bahari ya Halifax haina minazi

Haya wapendwa, tuligusia kidogo tu kwamba tumehamia nyumba inayoona bahari hapa Halifax, jimbo la Nova Scotia, Kanada, basi maswali yakamiminika, wengine mnaandika kama vile tuko fungate mwaka mzima. Mhariri katuchagulia haya. Majibu mengi ni yangu mie mtoto wa Tanga, pale alipodandia mume wangu, Mgogo halisi wa Dodoma, nimeandika "Mume" ili lawama zimfuate mwenyewe.

Dada mnafaidi! Mnaogelea kila siku au wikiendi tu? (Msomaji, Bagamoyo)

Mdogo wangu, mie nimezaliwa nasikia mawimbi lakini maji ya huku nayaangalia dirishani na kikombe cha chai mkononi. Agosti, ndo mwezi wanaosema maji yamepata moto, siku nzuri yanafika nyuzi 18 hivi, sasa piga hesabu Januari yakoje. Kuna mkondo wa maji ya baridi unashuka toka kaskazini, toka Labrador, unapita hapa hapa pwani yetu, kwa hiyo hata jua likiwaka vipi ukitia mguu unautoa. Watoto wa hapa wenyewe hawana habari, wanaruka wanapiga kelele wanatoka wamekuwa wekundu, afu ukienda ufukwe wa Lawrencetown katikati ya baridi, theluji imelala mpaka kwenye mchanga, unakuta watu wamevaa masuti mazito ya mpira wanateleza na mbao zao juu ya mawimbi, eti mawimbi mazuri ndo ya kipindi hicho. Nawaombea tu.

Mume: Mie naingia. Mpaka magotini.

Je huko maji yanajaa na kupwa kama kwetu? Bamvua ipo? Nimevua tangu ujana wangu nataka kujua. (Mzee wa Pangani)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndo nimelipenda kuliko yote na nitakaa hapa kidogo, wengine mnivumilie.

Hapa Halifax penyewe maji yanajaa na kupwa kiasi tu, kama mita 2, kwetu bamvua, yale maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, inakaribia mita 4 kwa hiyo hapa mjini ungesema ah, maji mafu haya. Lakini ukivuka upande wa pili wa hili jimbo, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, unafika Ghuba ya Fundy, na huko mzee wangu, sehemu inaitwa Burntcoat Head, tofauti ya maji makuu na maji yaliyokupwa inafika mita 16. Kumi na sita! Hakuna pengine duniani panaposifika kwa hilo kuliko pale. Tulifika maji yamekupwa tukashuka ngazi tukatembea juu ya sakafu ya bahari, tope jekundu, mwani umelala, vinyungunyungu na konokono, kuna kisiwa kidogo kimebaki juu na miti yake kama kimesimama kwenye meza, watu wanapiga picha chini yake. Afu kuna bango limeandikwa saa ya kuondoka, na wale wahudumu wanakufukuza kweli kweli, maana maji yakigeuka hayaji kwa kishindo, yanakuja kimyakimya kwenye vijimifereji nyuma yako, ukija kushtuka njia ya kurudi haipo. Baada ya saa sita na kidogo pale uliposimama pana kina cha kuzamisha jengo la ghorofa nne.

Sababu yake nimemuuliza mtu anayeijua. Ghuba yenyewe ni ndefu na inabanwa kadri inavyoingia ndani, mdomoni pana, mwishoni nyembamba na kina kinapungua, kwa hiyo maji yanakosa pa kwenda yanapanda. Halafu kuna hili la pili ndo kubwa zaidi, maji ya ghuba ile yakiingia na kurudi yenyewe kwa yenyewe yanachukua muda unaokaribiana na ule wa bahari kujaa na kupwa, saa 12 na ushee, hivo kila maji ya nje yanapokuja yanakuta ya ndani nayo ndo yanaondoka kwenda upande huo huo, yanasukumana. Na mwezi mpevu na mwezi mwandamo yanazidi, hapo hamna tofauti na Pangani. Kwenye mto Shubenacadie, unaomwagikia ghuba hiyo, maji yakianza kujaa linakuja wimbi linapanda mto kinyumenyume, watu wanalipia kupanda boti za mpira kulikimbiza. Sisi hatukulipa, tulikaa ukingoni na vitumbua vyetu.

Samaki gani mnakula? Changu, kibua, pweza wapo? (Mama wa Kilwa)

Changu hakuna mama, sahau. Wa kawaida hapa ni hadoki, mweupe, mlaini, wanamkaanga na chipsi. Kibua yupo! Kiangazi wanakuja karibu na gati mume wangu anawavua kwa ndoano, ila sio unavyotaka, kuna idadi ya mwisho kwa siku na kuna urefu, mdogo unarudisha majini. Mara ya kwanza kuwapata nikawapaka chumvi, ndimu na pilipili nikakaanga wakauke kisawasawa, jirani mzungu mzee wa juu kabisa ya themanini akashuka kuuliza nini hicho, akala wawili na mifupa yake.

Cod, yule samaki waliyekuwa wanamtegemea miaka mia na mia, walimvua mpaka akakaribia kwisha, mwaka 1992 serikali ikafunga uvuvi wake kule kisiwa cha Newfoundland na watu zaidi ya 30,000 wakakosa kazi kwa mpigo. Wazee wa hapa wakiongelea hilo wanashusha sauti. Nawaambia ndugu zangu wa baruti na nyavu za macho madogo mtakaosoma hapa.

Sasa kamba. Kamba mti wa huku anatembea na magando mawili makubwa kama ya kaa, wanayafunga na mpira ili asikubane. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuwachakata, mwachieni aseme.

Mume: Asanteni. Wanavuliwa kwa madema, sio kupiga mbizi kama Tanga. Kwenye eneo letu hili msimu unaanza Jumatatu ya mwisho ya Novemba mpaka mwisho wa Mei, yani baridi yote, na siku ya kwanza maboti yanatoka alfajiri yamerundikwa madema mpaka huoni nahodha, upepo ukiwa mkali wanaahirisha kwa sababu boti iliyobeba hivo ikiyumba kidogo tu basi. Wakimpata jike mwenye mayai chini ya tumbo anarudi majini, na mdogo naye kuna kipimo cha kumpimia gamba. Wengi wanasafirishwa wazima, Marekani na China. Mikono yangu inanuka kamba mpaka Jumapili kanisani, na hapana, hatuli kila siku, mie bado nadai ugali na mlenda.

Mlenda anaupata, bamia zipo. Kisamvu tunanunua cha kuganda, nazi ya kopo, unga mweupe wa mahindi unapatikana maduka ya Waafrika na Wahindi. Bei ya rafuni mjue mara nyingi sio ya kulipa, kodi inajumlishwa kaunta, asilimia 14 kwa hili jimbo, ila vyakula vingi vya kupika nyumbani havitozwi.

Shemeji wa Dodoma unapandaje meli? Kuna pantoni huko? (Kijana wa Kigamboni)

Mume: Ipo bwana, ya kwenda Dartmouth ng'ambo ya bandari, dakika kumi na kitu. Haibebi magari, watu na baiskeli tu, magari yanapita madaraja mawili na siku hizi hawatozi tena. Hiyo huduma ya kuvusha watu wanasema ipo tangu 1752, ndo ya zamani kuliko zote kwenye maji chumvi Amerika Kaskazini. Hakuna kusukumana, hakuna anayeuza karanga, na geti likifungwa limefungwa hata ungekimbia vipi. Mwanzoni nilikuwa nashika bomba njia nzima. Sasa nalala.

Mnaongea na nyumbani saa ngapi? Mie binti yangu yuko Kanada hapokei simu. (Mama wa Morogoro)

Mama usimlaumu mapema. Baridi tunapishana saa saba, kiangazi sita, sababu huku saa zinasogezwa Machi na kurudishwa Novemba. Sisi tukiwa saa kumi na mbili jioni tumekaa tunapumua, nyie ni saa saba usiku. Mie nafanya usiku nyumba ya kutunzia wazee, natoka saa moja asubuhi, hapo mama yangu Tanga ni saa nane mchana kashakula, tunaongea nikiwa kwenye basi. Ila binti yako kama yuko Vancouver ni mambo mengine tena, Kanada ina saa tofauti kibao, muulize yuko mji gani kwanza.

Huko si mko weusi nyie wawili tu? (Msomaji, Mwanza)

Hata mie ndo nilivyokuja nikidhani. Kumbe weusi wako hapa kabla Kanada haijawa nchi. Baada ya vita vya uhuru wa Marekani, mwaka 1783, walikuja huku weusi huru kama 3,000, wengi wakapewa ardhi ya mawe au wasipewe kabisa, na mwaka 1792 karibu 1,200 wakapanda meli hapa hapa Halifax wakaenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Waliobaki vizazi vyao wapo. Kulikuwa na kijiji chao kando ya maji kinaitwa Africville, walilipa kodi za jiji na maji ya bomba hawakuvutiwa, miaka ya 60 jiji likakibomoa, kuna waliohamishwa na vitu vyao kwenye malori ya taka. Meya aliomba radhi 2010. Leo pana bustani na kanisa lililojengwa kwa mfano wa lile la zamani, tunapitaga Jumapili. Na noti ya dola 10 ukiiona ina sura ya mama mweusi wa hapa, Viola Desmond, aliyekataa kutoka kwenye kiti cha sinema cha wazungu mwaka 1946.

Mzee mmoja wa pale Africville alinisikia naongea Kiswahili na mume wangu akaja akasimama tu anasikiliza, akasema endeleeni.

Mnagombana kwa ajili ya nini huko ugenini? (Hakutaja mji)

Kidude cha ukutani cha kupandishia joto. Mie nataka 23, yeye 18 sababu anaona bili. Juni tunapatana, ila Juni ndo ukungu, hewa ya joto ikigusa maji ya baridi mtaa wetu wote unapotea mchana kweupe wakati mtaa wa nyuma wanaota jua, nguo hazikauki.

Kimbunga je? (Dada wa Mtwara)

Kipo. Fiona, Septemba 2022, tulikuwa Dartmouth. Usiku kucha miti inavunjika, umeme ukaondoka siku kadhaa, kisamvu chote kikayeyuka. Majirani wakatoa majiko ya gesi nje wakachoma kila kilichokuwa frijini, mtaa mzima ukala pamoja na mie nikapika kisamvu sufuria zima kwa watu wasiojua wanakula majani gani. Tulivyohamia huku kwenye kilima cha kuona bahari kitu cha kwanza mume aliuliza ni mti gani uko karibu na paa.

Dada naomba mchongo, kuna wakala Dar anataka milioni nane anipeleke kiwandani kwa shemeji. (Vijana watatu tofauti, swali moja)

Msilipe. Nasema tena msilipe. Sheria ya Nova Scotia inakataza mtu kumtoza mfanyakazi wa nje pesa ili ampatie kazi, anayelipa ni mwajiri. Kuna mpango wa serikali wa majimbo haya manne ya pwani ya Atlantiki, ulianza kwa majaribio 2017 ukawa wa kudumu 2022, unahitaji barua ya kazi toka kwa mwajiri aliyeidhinishwa, vyeti, uzoefu na mtihani wa lugha. Taarifa zote zipo bure kwenye tovuti ya uhamiaji ya Kanada, ukijaza mwenyewe unalipa ada za serikali na gharama kama za mtihani wa lugha, sio za wakala. Wakala akikupa "ofa", chukua jina la kampuni, tafuta namba yake wewe mwenyewe, sio aliyokupa yeye, na upige uulize.

Mume: Na kiwandani kwangu simjui huyo wakala. Mwambieni anitaje jina la msimamizi wangu.