Vidole vya mguu vinavyowasha ndani ya buti

Ndugu yangu wa Birere, mtaa wa Goma, pole sana. Unasema unasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tangu alfajiri ukiwa na buti za plastiki, na sasa ngozi kati ya kidole kidogo cha mguu na jirani yake imekuwa nyeupe, imelainika kama iliyolowekwa, inachanika na kuwasha usiku. Hiyo yaonekana ni fangasi.

Kilichonishtua ni ile krimu ya kung'arisha ngozi aliyokupa shemeji. Iache leo hii. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi, dawa inayotuliza uvimbe na muwasho bila kuua fangasi: muwasho hutulia siku mbili tatu, huku fangasi wakiendelea kutambaa chini kwa chini.

Nenda famasi uombe klotrimazoli ya asilimia 1, krimu ya kuua fangasi. Paka mara 2 kwa siku kwa wiki 4, uvuke kidogo mpaka wa sehemu iliyoharibika. Wiki ya pili huenda ukaona ngozi kama imepona. Tafadhali usiache, wengi huachia hapo na ugonjwa unarudi.

Kila jioni ukishanawa, pitisha kitambaa kikavu taratibu katika kila pengo la vidole, na kitambaa hicho kisiguswe na mwingine nyumbani. Soksi za pamba, safi kila siku. Buti zipate jua.

Ila kama una kisukari, au mguu umevimba na una moto, usijitibu: fika kituo cha afya. Kucha zikiwa nene na za njano, krimu peke yake haitoshi.