Barua kwa mwanangu: kabla hujaifuta hiyo Laravel

Mwanangu,

Meseji yako niliiona saa tano usiku nikaanza kukujibu kwa simu, nikaona haitoshi, sasa nimekaa mezani nakuandikia kwa utulivu. Umeniuliza kitu kimoja: umebakiza wiki tano kukabidhi mradi wako wa chuo, mfumo wako wa kikoba cha shangazi yako umeshaujenga kwa Laravel, ile ya kujengea mifumo ya mtandaoni kwa lugha ya PHP, na unafanya kazi, supavaiza ameuangalia akasema hiyo imepitwa na wakati, hamia React na Node, zana nyingine za kazi hiyo hiyo zinazotumia JavaScript, na wewe unataka nikwambie ufute uanze upya au ubaki ulipo. Nitakujibu. Ila kwanza nikuulize, huo mfumo shangazi yako ameshauona? Simaanishi ulimtumia skrinshoti WhatsApp akakurudishia kidole gumba. Namaanisha umeenda kwake Nkuhungu, Dodoma, siku ya kikao, ukakaa mkekani na wale wanawake, sanduku likafunguliwa mbele yako na wewe unaangalia?

Nauliza kwa sababu sura ya tatu uliyonitumia nimeisoma yote. Umeandika mahitaji ya mfumo umeyakusanya kwa dodoso la mtandaoni, watu 25 wamejibu, na ukiangalia lile jedwali la umri wote wana miaka 21 mpaka 24. Hao ni darasa lako, mama. Hao hawana kikoba.

Neno langu unalijua, umelisikia tangu uko primari, kaka yako hata huwa analisema kabla sijafungua mdomo: daftari kwanza. Kabla hujagusa kompyuta nenda kakae na mwenye daftari. Lakini sijawahi kukusimulia vizuri nimelitoa wapi, nimekuwa nakupa vipande vipande. Ya flopi namba tatu, zile diski bapa za zamani za kubebea mafaili, unaijua. Ya mwisho huijui.

Mwaka 2003, mwaka wangu wa mwisho. Ile kompyuta ya mjomba wako ilikuja Tanga na basi imefungwa kanga mbili za bibi, ikawekwa Ngamiani chumba cha uani, na mimi nikaamua dissertesheni yangu itakuwa mfumo wa kusajili wagonjwa wa zahanati iliyokuwa karibu na nyumbani. PHP ya kuandikia programu na MySQL ya kutunza kumbukumbu, kurasa za kufungua kwenye brauza, wakati huo hicho ndo kilikuwa kitu kipya kwetu. Hivi unavyovitaja wewe vyote vimezaliwa baada yako, Node 2009, Laravel 2011, React 2013. Intaneti yenyewe ilikuwa kafe, shilingi 500 kwa saa, inapitia satelaiti huko juu, mkongo wa baharini umekuja kutua Dar 2009 wewe ukiwa tayari unasoma. Kwa hiyo nilikuwa nikikwama naandika swali kwenye karatasi, nasubiri nipate mia tano, naenda kafe, nakopi majibu kwenye flopi, narudi. Mwongozo wa PHP niliukatakata kwenye flopi sita, kila moja inabeba MB 1.44, na ya tatu ikafa, ndo ikabidi nirudi tena kwa miguu kwenye jua na wewe tumboni. Hiyo unaijua.

Siku ya kutetea, Juni, una miezi saba humo ndani. Nimevaa lile gauni la kitenge la bluu ambalo bibi alilitanua pembeni kwa ajili yako. Maabara ya kompyuta ya chuo, wazee watatu wamekaa, nimehamisha mafaili yangu kwenye mashine yao, ukurasa wa kwanza umefunguka vizuri kabisa. Nafungua fomu ya kusajili mgonjwa. Naandika jina, naandika mtaa, nabonyeza Hifadhi. Inarudi na maandishi mekundu: Tafadhali jaza jina. Nikaona labda nimekosea, nikaandika upya taratibu, Hifadhi. Tafadhali jaza jina. Mara ya tatu mikono inatetemeka. Yale maneno niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu, sasa yananirudia mbele za watu. Mzee mmoja akasema, binti, kwani huyo mgonjwa wako hana jina? Wakacheka. Wakaandika wanachoandika. Wakaniambia rudi Septemba.

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "kwangu inafanya kazi" tumbo linanicheza.

Sababu niliijua siku tatu baadaye, kafe ile ile. Zamani PHP ilikuwa ukiwa na kisanduku kwenye fomu umekiita jina, mtu akibonyeza tuma, PHP yenyewe inakuletea $jina likiwa limeshajaa, wewe unatumia tu. Ilikuwa raha na ilikuwa hatari, maana mtu yeyote anaweza kuongeza neno kwenye anwani pale juu likaingia ndani ya programu yako kama la kwako. Kwa hiyo kuanzia toleo la 4.2.0, Aprili 2002, wakakizima hicho kitu, register_globals, ukitaka kilichoandikwa kwenye fomu unakichukua mwenyewe kwa $_POST. Kompyuta ya mjomba ilikuwa na 4.1. Ya chuo ilikuwa mpya zaidi. Basi, mstari mmoja kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, Off badala ya On, na mwaka wangu mzima ukageuka hewa. Nilibadilisha fomu zote, moja moja, na ukazaliwa Agosti, na Septemba nikarudi kwenye kile chumba maziwa yamejaa kifuani na wewe uko nje kwenye benchi na bibi unalia. Nikapita.

Sasa watu wote nyumbani wanajua hiyo ndo iliyoniuma, na mimi mwenyewe kwa miaka nilidhani hivyo. Lakini nimeanza kukuandikia nikagundua hapana. Wale wazee wala siwawazi. Kinachonirudia usiku ni mama wa kadi.

Pale zahanati kulikuwa na mama mmoja anakaa dirishani, yeye ndo anapokea wagonjwa, anatafuta kadi, anaandika daftari kubwa la jalada gumu lenye kitambaa chekundu mgongoni. Nilipokuwa nafanya utafiti nilimhoji dakika ishirini. Dakika ishirini! Nilimuuliza unaandika nini, akasema jina, umri, mtaa, namba ya kadi, nikaandika, nikashukuru, nikaondoka. Daftari lenyewe sikulifungua. Oktoba nikaenda kufunga mfumo, walikuwa wamepewa kompyuta moja, nikamfundisha siku mbili, akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Nikaondoka najiona nimefanya kitu cha maana katika nchi hii.

Januari nikapita na wewe mgongoni, tumekuja kliniki ya uzito. Nikasema ngoja nichungulie. Nafungua databesi, naona wagonjwa wamesajiliwa kweli, mamia, nikafurahi moyo ukajaa. Halafu nikaangalia safu ya tarehe ya kuzaliwa. 01/01/1940. 01/01/1940. 01/01/1940. Nikashuka chini, nikaendelea kushuka. Wazee wote wa mtaa mzima wamezaliwa siku moja.

Nikamuuliza mama, mbona hivi? Hakukasirika. Akaniambia, "Mwanangu, mashine yako haimkubali mtu asiyejua siku aliyozaliwa. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na tisa nawaandika, sijamrudisha hata mmoja."

Tarehe nilikuwa nimeiwekea lazima ijazwe, NOT NULL, kwa sababu niliona mfumo wa maana unatakiwa uwe hivyo. Na pale dirishani anakuja bibi anakwambia nimezaliwa mwaka ule mkonge ulipopanda bei, mwingine anasema nilikuwa nimeshavunja ungo Mwalimu alipopita kudai Uhuru. Mama wa kadi alikuwa anaandika "mtu mzima" na maisha yanaendelea. Ndipo akanivutia lile daftari. Kumbe halikuwa limeachwa, alikuwa anaandika kotekote, kwangu kwa sababu wameambiwa watumie, na kwenye daftari kwa sababu ndo lilikuwa linamsaidia. Akafungua ukurasa akaniwekea kidole: wanawake wanne, jina moja, jina la baba moja, mtaa mmoja. Pembeni ya kila mmoja kwa herufi ndogo za penseli, mke wa fundi baiskeli nyuma ya msikiti, huyu anauza mihogo, huyu mguu wa kushoto, huyu wa pili kwa mumewe. Mimi sikuwa na mahali pa kuandika hayo. Kwangu wale wanawake walitofautiana kwa tarehe ya kuzaliwa, na tarehe zao zote ni moja. Unaelewa maana yake mgonjwa akipewa faili la mwenzake?

Nilikaa pale mpaka saa tisa, wewe umelala kwenye meza ya kadi. Nilijifunza siku ile kuliko miaka mitatu ya chuo, na nilikuwa nimeshapewa cheti.

Sasa turudi kwako. Juzi uliponionyesha kwa video nilinyamaza, nadhani uliona. Kule kwenye ukurasa wa michango una mtu anaitwa adimini, na adimini ana kitufe cha Hariri, anabadilisha hisa za mtu kutoka tatu kuwa mbili na haibaki alama yoyote kwamba ilikuwa tatu. Mama, unajua kwa nini sanduku la kikoba lina kufuli tatu? Funguo zinakaa kwa wanawake watatu, nyumba tatu, na anayelaza sanduku kwake sio mwenye ufunguo. Hisa zinapigwa mhuri kwenye kitabu cha kila mtu mbele ya wote. Na kikao kinaanza kwa swali, mfuko wa jamii wiki iliyopita tuliuacha na shilingi ngapi, na wanajibu kwa kichwa, hata yule asiyejua kusoma anajibu, na ole wake anayetaja tofauti. Hiyo ndo databesi yao, ina nakala ishirini na tano zimekaa mkekani. Wewe umechukua kitu chenye kufuli tatu ukakipa paswedi moja. Hilo halijalishi ni Laravel au React, litahama na wewe uendako.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nasema... hapana, ngoja. Nilitaka kuandika baki, wiki tano ni chache, mwalimu anataka mapya kwa sababu mapya yanapendeza kwenye ripoti. Nikafuta, maana simjui mwalimu wako na pengine ana hoja. Nimefikiria, pale Nkuhungu mtandao ukoje? Bando likiisha katikati ya kikao, Laravel yako kama ulivyoijenga inaganda, kila mhuri lazima ufike kwenye seva kwanza. Kikijengwa cha kukaa kwenye simu, kikaandika humo humo halafu mtandao ukirudi kikatuma, hicho kingewafaa zaidi, na labda hilo ndo alilokuwa anakwambia ila kalisema kwa jina la teknolojia. Lakini pia hicho unaweza kukifanya bila kufuta yote, sehemu ya nyuma ikabaki Laravel, mbele ukabadilisha ukurasa mmoja tu wa kikao. Lakini pia ukianza kufukuza mbili kwa wiki tano utafika siku ya kutetea na nusu huku nusu kule, na mimi nimeshasimama mbele ya maandishi mekundu, sitaki usimame hapo. Umeona, nazunguka. Moyo wangu unajua unachotaka kusema na nitauzuia, maana nikikwambia utafanya kwa sababu mama kasema, na nikikosea wewe ndo utakayebeba.

Wale wenzako wanaopewa programu nzima na ChatGPT kwa usiku mmoja usiwaonee wivu wala usiwadharau, na wewe itumie pale inapokuokolea muda. Ila haijawahi kukaa mkekani.

Nimeshaongea na shangazi yako. Kikao ni Jumapili saa nane mchana, anasema fika mapema maana ukichelewa unalipa faini hata kama sio mwanachama, na simu ikilia faini nyingine. Usiende na laptopu. Nenda na daftari na penseli, na ukae karibu na yule mama wa ufunguo wa pili, ndo msumbufu kuliko wote, anahesabu pesa mara tatu. Jaribu kumuuliza angefanya nini akikuta hisa zake zimepungua kwenye simu. Na utupie jicho laini ipi inashika pale chini ya mwarobaini.

Kisha nipigie usiku huo huo, hata saa sita, kabla hujamjibu supavaiza. Nataka unisomee ulichoandika pembeni.

Mama yako

Nimekutumia elfu thelathini, elfu kumi ni sukari na majani ya kikao, usiende mikono mitupu.