Mwenye tovuti, sikiliza mteja anauliza nini

Mara kwa mara wafanyabiashara wa hapa Kampala huniuliza swali moja: tovuti ninayo, fundi nimemlipa, jina la .co.ug nimelilipia, mbona Google hainionyeshi?

Huwa naanza na kipimo kidogo. Kwenye Google naandika site, nukta mbili (:), kisha jina la tovuti bila kuacha nafasi. Usipojitokeza hata ukurasa mmoja, hiyo ni dalili kubwa kwamba Google haijaiingiza tovuti hiyo katika orodha yake, na hapo mengine yote yasubiri. Sababu huwa ndogo tu. Fundi alizuia injini za utafutaji wakati wa ujenzi, akakabidhi kazi bila kuondoa zuio. Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, ni kisanduku kimoja, kwenye mipangilio ya usomaji. Kitazame leo.

Likishapita hilo, tuje kwenye maneno, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza wateja. Nilisaidia nyumba ya wageni ya Jinja ambayo kichwa cha ukurasa wake wa mbele, yale maandishi makubwa unayobofya kwenye matokeo ya Google, kilikuwa neno moja tu: Home. Ndani kulijaa sifa za utulivu na ukarimu. Jina la Jinja lilikuwa chini kabisa, pembeni ya namba ya simu. Sasa msafiri anayetafuta chumba Jinja karibu na Mto Nile atafikaje hapo? Hakuna mtu anayeandika "utulivu" anapotafuta pa kulala.

Hatukununua programu yoyote ya kuonyesha maneno ambayo watu huyaandika Google. Tulikaa na dada wa mapokezi, tukamwomba atutajie wanayouliza watu kwa simu na WhatsApp. Akayamwaga bila kufikiri: chanzo cha Nile ni mbali kiasi gani kutoka hapo? Chumba cha familia kipo? Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Gari naegesha wapi? Kila swali tukalipa kichwa kidogo na jibu la wazi, bei zikiwa kwa shilingi. Kichwa cha ukurasa kikawa "Nyumba ya wageni Jinja karibu na chanzo cha Nile: vyumba na bei". Baada ya muda wageni wakaanza kupiga simu wakisema wameiona Google. Kwa maoni yangu, anayepokea simu za biashara yako anajua SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane Google, kuliko wataalamu wengi.

Fikiria pia lugha. Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2022, na wateja wanatoka Kenya, Tanzania na mashariki mwa Kongo, lakini kurasa za Kiswahili kuhusu hoteli, mbegu au vipuri vya Uganda bado ninaziona chache. Nafasi hiyo iko wazi. Mpe mtu anayekijua Kiswahili akuandikie kurasa zake, kila moja na anwani yake. Usiachie mashine ikutafsirie halafu usisome.

Ile orodha ya maneno muhimu ambayo mafundi huificha kwenye msimbo wa ukurasa, achana nayo. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Uzito wa picha, hilo usilipuuze. Google inaisoma tovuti yako jinsi inavyoonekana kwenye simu, na mteja wako naye yuko kwenye simu, akitumia bando lenye kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Picha ya megabaiti 5 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inamla fedha zake kabla hajaona bei. Ipunguze ishuke chini ya kilobaiti 200, kisha uifungue tovuti kwa simu ya bei nafuu, ukiwa nje ya Wi-Fi ya ofisi.

Kama una duka au ofisi, jisajili Google Business Profile, maelezo ya biashara yako yanayoonekana kwenye Google na ramani yake, ni bure. Weka alama ya ramani mlangoni pako hasa, maana mji wetu huu tunaelekezana kwa kituo cha mafuta na kanisa.

Akija mtu kukuahidi nafasi ya kwanza kwa malipo, mwache aende zake. Google yenyewe inasema hakuna awezaye kuihakikisha, na viungo (links) vya kununua kutoka tovuti nyingine vinaweza kukushusha.

Fungua badala yake Google Search Console, nayo ni bure. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea. Tafuta ukurasa unaoonekana mara nyingi lakini haubofywi, ubadilishe kichwa chake kilingane na maneno hayo, kisha upe wiki kadhaa kabla ya kuugusa tena.